Pinball Clemons: Mfupi Aliyebaki Wakati Fedha Zilipokwisha



Tarehe 20 Novemba 2022, katika mji wa Regina, nchini Kanada, mtoto aliyezaliwa Kinshasa alitajwa kuwa mchezaji bora wa fainali ya futboli ya nchi ile. Jina lake ni Henoc Muamba. Wazazi wake walihamia Kanada yeye akiwa bado mdogo. Siku ile alikuwa na miaka 33, umri ambao wengi katika mchezo huo wamekwisha kuvua viatu, na alipewa zawadi mbili kwa pamoja: ya mchezaji bora wa fainali na ya Mkanada bora wa fainali.

Tuliposoma jina hilo la kwetu tulifurahi. Kisha tukauliza swali ambalo kila mama huuliza mtoto wa mwenzake anapofaulu: ni nani aliyempa nafasi? Muamba alikuwa amekwisha kupita ekipe kadhaa. Mwaka wa 2021 ekipe ya Toronto Argonauts ilimchukua, na mwenye kazi ya kuchagua wachezaji pale alikuwa meneja mkuu wa klabu, Michael Clemons, ambaye Kanada nzima inamwita Pinball.

Juma hili tunasimulia kazi ya mtu huyo: mchezaji, kisha kocha, kisha prezida wa klabu, kisha kocha tena, kisha meneja mkuu. Tunaisimulia kwa sababu maisha yake yanajibu jambo linalotusumbua katika vikundi vyetu. Sanduku la likelemba likijaa, memba wote wanafika mapema na kitambaa kizuri kichwani. Likiwa tupu, tunabaki mama prezida, mwandishi na wawili watatu tu. Nani hubaki? Na anayebaki hufanya nini ili wengine warudi?

Kwanza tuuelewe mchezo

Mama akisikia futboli anafikiri TP Mazembe na V.Club. Huu ni mchezo mwingine. Mpira wake una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na vitu vya kukinga mabega. Wanaangushana chini, na hilo linaruhusiwa. Unafanana na ule wa Marekani, lakini Wakanada wana sheria zao. Kila upande una watu 12, wakati Wamarekani wana 11. Kiwanja cha Kanada ni kirefu na kipana kuliko cha Marekani. Ekipe yenye mpira inapewa nafasi 3 za kusogea mbele yardi 10, yaani karibu metre 9. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Marekani wanapewa nafasi 4.

Ligi ya Kanada ina ekipe 9. Wanacheza kuanzia mwezi wa Juni mpaka Novemba, kila ekipe michezo 18, kisha michezo ya kutoana, na mwisho fainali ya kombe linaloitwa Grey Cup. Kombe hilo lilichezewa mara ya kwanza mwaka wa 1909. Toronto Argonauts ni wazee kuliko kombe lenyewe, maana klabu yao ilianza mwaka wa 1873.

Tukumbuke jambo moja hapo, kwa maana litarudi: kiwanja cha Kanada ni kipana.

Mtoto wa mama mmoja

Michael Clemons si mzaliwa wa Kanada. Alizaliwa tarehe 15 Januari 1965 katika jimbo la Florida, kusini mwa Marekani, akakulia katika mji mdogo wa Dunedin. Mama yake alimzaa akiwa bado msichana, wala hakuwa na mume nyumbani wa kusaidiana naye. Alimlea katika mtaa wa watu wa kipato kidogo, kwa kazi na kwa kanisa. Wengi wetu tunayajua maisha hayo bila kuelezwa. Tunajua namna watu wanavyomwangalia msichana wa miaka 18 mwenye mtoto mgongoni, na namna wanavyohesabu mapema kwamba mtoto yule hatafika popote.

Mtoto yule alikua na miguu myepesi, lakini hakurefuka. Mpaka leo ana kama metre 1 na sentimetre 68 tu. Katika mchezo ambao watu hupigana mabega, wengi wao wakizidi kilo 100, hiyo ni aibu mbele ya macho ya wachaguzi. Hata hivyo alipata nafasi ya kusoma na kucheza katika chuo cha William & Mary, jimboni Virginia, chuo cha zamani sana kilichoanzishwa mwaka wa 1693. Alikaa pale akicheza mpaka mwaka wa 1986.

Mwaka wa 1987 ekipe za ligi kubwa ya Marekani zilipokaa kuchagua vijana wapya, majina 217 yalisomwa kabla ya lake. Yeye alikuwa wa 218, kwa ekipe ya Kansas City. Alicheza michezo 8, kisha wakamwachilia.

Sisi walimu tunaijua safari hiyo. Kuna mtoto anayekaa benchi la nyuma, na kila anayeingia darasani anasema huyu ni mdogo, huyu hawezi. Hatumwambii ubaya, lakini kila mara tunamruka anapoinua mkono. Clemons alirukwa mara 217, mbele ya nchi nzima.

Kiwanja kingine

Mwaka wa 1989 alivuka mpaka, akaenda Toronto. Hapo ule upana wa kiwanja ukafanya kazi yake. Mahali ambapo uwanja ni mwembamba, mtu mnene anaziba njia. Mahali ambapo uwanja ni mpana, mwepesi anapata mlango. Kazi ya Clemons ilikuwa kupokea mpira uliopigwa mbali na wapinzani na kukimbia nao kurudi kwao, kuubeba kati ya watu, na kuudaka ukirushwa. Alikuwa akigonga huyu, anaruka kwa yule, anazunguka, bado amesimama. Kocha wake wa kwanza pale, Bob O'Billovich, ndiye aliyempa jina la Pinball. Ni jina la mchezo wa kijichuma cha mviringo kinachorushwa ndani ya sanduku la kioo, kikigonga huku na huku bila kutulia.

Mwaka wa 1990, ukiwa wa kwanza kwake kucheza msimu mzima, aliubeba mpira yardi 3,300 kwa jumla, zaidi ya kilometre 3. Hakuna aliyewahi kufikia hesabu hiyo katika ligi ile. Alipewa zawadi ya mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka uliofuata Argonauts walitwaa Grey Cup. Walilitwaa tena 1996, kwenye theluji ya mji wa Hamilton, na tena 1997. Mwaka huo wa 1997, akiwa na miaka 32, Clemons aliivunja hesabu yake mwenyewe kwa yardi 3,840. Alipoacha kucheza alikuwa amepita yardi 25,000, na namba yake, 31, klabu ikaiweka pembeni ili mwingine asiivae tena.

Akina mama, tulitazame jambo hili vizuri. Miguu yake ilikuwa ileile ya Kansas City, na urefu wake haukuongezeka hata kidole kimoja. Kilichobadilika ni kiwanja. Tunapomwona mtoto ameshindwa mahali fulani, tusikimbilie kusema hana akili. Tuulize kwanza kama kiwanja tulichomweka kinamfaa. Msichana anayeshindwa hesabu za ubaoni anaweza kuwa ndiye anayemrudishia mteja chenji bila kukosea franka moja kwenye meza ya mama yake sokoni.

Kuitwa kazi asiyoisomea

Mwaka wa 2000 Argonauts walikuwa wakifungwa ovyo. Kocha wao akaondoka katikati ya msimu. Wakubwa wa klabu walimgeukia mmoja wa wachezaji wenyewe: Clemons. Hakuwa amewahi kuongoza ekipe kama kocha. Juzi alikuwa akivaa nguo pamoja na wenzake chumba kimoja, leo yeye ndiye anayesema nani acheze na nani akae.

Kazi ya kocha mkuu katika mchezo ule haifanani na kupiga filimbi pembeni mwa kiwanja. Kuna makocha wadogo wa kila sehemu: wa wanaoshambulia, wa wanaozuia, wa wanaopiga mpira. Kila juma wanatazama picha za wapinzani, wanapanga michezo kadhaa kwa siri, wanaifundisha, na siku ya mchezo wanachagua upi utumike kila mara mpira unapowekwa chini. Kocha mkuu anabeba wote hao mabegani: anayeumwa, anayekasirika kwa kukalishwa, anayefikiria nyumbani kwake. Ni kama mama wa nyumba yenye watoto wengi na wageni juu yake. Chakula lazima kitoke, na kila mmoja ajione ameonekana.

Mwisho wa msimu wa 2001 klabu ilimpandisha: ikamfanya prezida. Ofisi, meza, nguo nzuri. Lakini mwaka wa 2002 kocha aliyemfuata akashindwa, akaachishwa kazi kabla ya msimu kwisha. Clemons akatoka ofisini, akarudi kiwanjani kushika ekipe.

Hapo tulisimama tukazungumza sisi kwa sisi. Katika vikundi vyetu mtu akishapewa cheo cha prezida, kumwambia arudi kuosha sufuria siku ya harusi ni vita. Anaona amedharauliwa. Clemons aliacha meza ya mkubwa akarudi kwenye matope na mvua, kwa sababu kazi ilikuwa huko. Wala hakupungukiwa heshima. Aliongezewa.

Mwaka wa sanduku tupu

Mwaka wa 2003 ndio uliompima. Mwenye klabu alizama katika madeni. Kufikia mwezi wa Julai, msimu ukiwa umekwisha kuanza, ligi ilimnyang'anya ekipe na kuishika yenyewe mpaka apatikane mwenye mpya. Ekipe ya jirani, ya Hamilton, ilianguka mwaka huohuo. Watu walijiuliza kama klabu yenye miaka 130 itaufikia mwaka mpya.

Fikirini hali ya kocha hapo. Ni lazima awaambie vijana waje mazoezini asubuhi, watoe mwili wao uvunjwe, nao hawajui kesho mwajiri wao ni nani. Sisi tunaofundisha shuleni tunaijua asubuhi ya namna hiyo: mshahara haujafika, watoto wameketi, chaki iko mkononi. Ukikaa kimya juu ya shida, watu wanakuona mwongo. Ukiongea shida peke yake, darasa linakufa.

Ekipe haikufa. Clemons alibaki, wachezaji walibaki. Katika msimu ule wa mashaka walishinda michezo 9, wakafungwa 9, wakaingia michezo ya kutoana. Wakashinda mchezo wa kwanza, wakashindwa na Montreal hatua moja kabla ya fainali. Baadaye matajiri wawili wa Toronto, Howard Sokolowski na David Cynamon, wakainunua klabu. Mnunuzi hununua kitu anachokiona kinapumua. Laiti wale wa ndani wangalitawanyika mwezi wa Julai, pangebaki jina na nguo za kuvaa tu.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Novemba 2004, Argonauts walicheza fainali mjini Ottawa na ekipe ya BC Lions. Kocha wa wapinzani alikuwa Wally Buono, mmoja wa makocha wakubwa kabisa katika historia ya ligi hiyo. Aliyeongoza mashambulizi ya Toronto alikuwa Damon Allen, mwenye miaka 41. Tumesema 41, katika mchezo wa kuangushana! Clemons alimpa kazi mtu ambaye wengine wangemwambia akalee wajukuu. Toronto walishinda 27 kwa 19, na Allen akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali.

Siku ile Clemons akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi kutwaa Grey Cup. Kombe lilikuwa limekwisha kuchezewa miaka 95. Wachezaji weusi walikuwa wakilishinda tangu zamani, lakini kiti cha kocha mkuu kilikuwa kigumu kufikia. Kucheza waliruhusiwa, kuamua waliruhusiwa wachache. Wanawake wa Congo hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Shambani tuko wengi, sokoni tuko wengi, kanisani tunajaza mabenchi. Pale wanapokata maneno, tunahesabika kwa vidole.

Kiti cha nyuma

Aliendelea kuwa kocha mpaka mwisho wa mwaka wa 2007. Kisha akarudi ofisini, na kwa miaka mingi alikuwa makamu wa wakubwa wa klabu, akiiwakilisha mbele ya watu, mashuleni na kwenye makanisa. Mwaka huohuo wa 2007 yeye na mke wake Diane, ambaye wamezaa naye mabinti watatu, walianzisha mfuko wa kusaidia vijana, hasa kwa upande wa masomo. Baadaye akachukua uraia wa Kanada.

Mwezi wa Oktoba 2019 ekipe ilikuwa mahututi tena, ikishindwa karibu kila mchezo. Klabu ikamwachisha meneja mkuu, ikamwita Clemons ashike kazi hiyo. Alikuwa na miaka 54.

Meneja mkuu hatoi amri kiwanjani. Yeye ndiye anayetafuta watu. Anaandika mikataba na wachezaji, anachagua vijana wa vyuo vikuu vya Kanada kila mwaka, anaamua nani aachiliwe, anamchagua kocha. Na fedha zake zina kikomo, kwa kuwa ligi imepanga jumla ambayo hakuna ekipe inayoruhusiwa kuipita katika mishahara ya wachezaji. Mwaka wa 2022 ilikuwa zaidi kidogo ya milioni 5 za dola za Kanada, kugawanywa kwa wachezaji wote. Ukimlipa mmoja sana, wengine wanapungukiwa. Mama anayeingia sokoni na noti moja anaifahamu kazi hiyo: ukinunua nyama kubwa, hutapata mafuta, na bila mafuta nyama hiyo utaipikaje?

Mnamo Desemba 2019 alimpa kazi ya kocha mkuu Ryan Dinwiddie, mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu popote katika ligi. Clemons alikuwa anajua maana ya kuaminiwa kabla ya kuwa na ushuhuda. Mwaka wa 2020 haukuchezwa kabisa kwa ajili ya Covid. Mwaka wa 2021 wakawa wa kwanza katika kundi la mashariki. Mwaka wa 2022 wakafika Regina kupambana na Winnipeg, waliokuwa wametwaa kombe mara mbili mfululizo. Toronto walishinda 24 kwa 23. Karibu na mwisho, Henoc Muamba wetu aliudaka mpira uliorushwa na wapinzani, akaua shambulizi lao. Ndiyo maana alipewa zile zawadi mbili tulizoanza nazo.

Watu walipiga picha za Muamba, na ilikuwa haki yake. Aliyemchagua alikuwa nyuma. Ndivyo ilivyo kazi ya kutafuta watu: ukiifanya vizuri, jina linalotajwa ni la mwingine. Mwalimu mwema anaijua, na mama mwema anaijua zaidi.

Neno ambalo hatutalipita

Mwaka wa 2023 Argonauts walishinda michezo 16, wakapoteza 2 tu. Kisha wakafungwa nyumbani kwao na Montreal, hatua moja kabla ya fainali. Hayo ni maumivu ya mchezo, yanapita.

Jambo zito zaidi lilikuja mwanzoni mwa mwaka wa 2024. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika ekipe, akiwajenga wachezaji nguvu za mwili, alipeleka mashitaka mahakamani juu ya mgawaji mkuu wa mpira wa ekipe na juu ya klabu yenyewe. Alisema mchezaji yule alimsumbua kwa mambo ya mapenzi asiyoyataka na kumtisha, na kwamba klabu haikumlinda. Ligi ilifanya uchunguzi wake. Mwezi wa Mei ikatangaza kwamba mchezaji alivunja sheria ya ligi juu ya ukatili dhidi ya wanawake, ikamfungia michezo isiyopungua 9 ya msimu. Adhabu ilipokwisha, klabu ikamrudisha kiwanjani.

Clemons ndiye aliyekuwa meneja mkuu. Gazeti la akina mama haliwezi kumsifu mtu kurasa nzima halafu likafunika hilo kwa kitenge. Tunamheshimu kwa moyo wake wa kubaki na watu, lakini moyo huohuo una kona ya hatari. Anayezoea kusema kwamba hakuna wa kutupwa, anaweza kumshika mkono sana aliyekosa, na kumsahau aliyekosewa. Katika vikundi vyetu tumeliona hilo: mume wa memba anampiga, nasi tunakimbia kupatanisha haraka ili jina la kikundi lisiharibike. Mwenye kosa anarudi mezani. Aliyeumizwa ndiye anayeacha kuja.

Maoni yetu ni haya: kumpa mtu nafasi ya pili ni jambo jema, lakini zamu ya kwanza ni ya aliyeumia. Asikilizwe kwanza, alindwe kwanza, kazi yake isipotee. Baada ya hapo tuzungumze habari za kumrudisha mwenye kosa.

Mwisho wa mwaka huo ulikuja kwa namna ya ajabu. Mchezaji yule alivunjika mguu katika mchezo wa kuingia fainali. Tarehe 17 Novemba 2024, mjini Vancouver, nafasi yake ilishikwa na msaidizi, Nick Arbuckle. Toronto walishinda 41 kwa 24 dhidi ya Winnipeg, na Arbuckle, aliyekuwa wa benchi, akawa mchezaji bora wa fainali. Lilikuwa kombe la 19 la klabu hiyo. Kati ya hayo, Clemons ameshiriki katika matatu akiwa mchezaji, moja akiwa kocha, na mawili akiwa meneja mkuu.

Tuyapeleke kikundini

Wanawake wenzetu, hatukuandika haya ili mtoto yeyote atamani kwenda Kanada kuangushana kwenye theluji. Tumeyaandika kwa sababu tunaona ndani yake kazi tunayoweza kuifanya hapa, pamoja na onyo moja.

Kwenye mkutano ujao wa kikundi, baada ya kuhesabu michango na kabla ya kuagana, tuchukue nusu saa tuzungumze. Ni memba yupi kati yetu tumekuwa tukimruka kwa sababu ni mdogo, au hakusoma, au hana mume, na ni kazi gani ingemfaa kama tungempa kiwanja kipana? Kama sanduku likikauka mwezi huu, nani yuko tayari kufika bado, na tutawaambia nini wengine bila kuwadanganya? Na mwenzetu akija analia kwamba ameumizwa na mtu tunayemheshimu, ni nani kati yetu ataketi naye?

Kila kikundi kiandike majibu yake kwenye daftari, kiyasome tena baada ya miezi 3. Mwenye jambo la kuongeza atuletee, tutaliweka katika gazeti la majuma yanayokuja.

Tunawatakia juma jema, ninyi pamoja na nyumba zenu.